Je, wajua kwa nini mkimbiaji mzee huanguka baada ya kuvuka mstari, na si kabla?

Baba mdogo wangu ana miaka 64 na presha ya siku nyingi. Kila asubuhi, kabla ya chai, humeza amlodipini na atenololi. Daktari wake anajua kwamba anakimbia, alimpima na kumruhusu. Mwaka juzi alimaliza kilomita 21 pale Moshi uso umechangamka, akavuka mstari mikono juu, akasimama wima apigwe picha. Hazikupita sekunde 20, midomo ikageuka rangi ya majivu, macho yakahama kwenye kamera, magoti yakalegea.

Mimi na binamu yangu tulimdaka kabla hajagusa chini. Tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki, binamu akampepea kwa kofia, mimi nikamsogezea chupa ya maji mdomoni. Kadiri tulivyomshikilia wima ndivyo alivyozidi kutuponyoka. Kisha akaja dada wa huduma ya kwanza, akasema, “Mlazeni mzee, msimkalishe,” akavuta kreti la soda na kumpandishia visigino juu yake. Dakika mbili hazikwisha, baba mdogo akafumbua macho na kuuliza kama picha imetoka.

Kwa miezi kadhaa niliwaambia watu kwamba siku ile moyo wake ulimshinda. Nilikosea, na kosa hili linafaa kuelezwa kwa kirefu kwa sababu karibu kila mtu anayesimama kwenye uzio wa mwisho wa mbio analo. Tunamwona mzee, tunajua ana tatizo la moyo, anaanguka, na akili inaunganisha hayo matatu kwa haraka: amejilazimisha, moyo umechoka, umezimika. Lakini tazama mpangilio wa mambo. Mzigo mkubwa wa moyo ule ulikuwa kwenye kile kilima cha njiani, jua likiwa limeshapanda. Hapo haukushindwa. Ulishindwaje pale ambapo hakuna tena kazi?

Mwaka 1994 watafiti wa Afrika Kusini, akiwemo Dkt Tim Noakes, walichapisha uchunguzi wa wakimbiaji walioanguka katika mbio za masafa marefu kuliko marathoni. Asilimia 85 walianguka baada ya kuvuka mstari wa mwisho. Kama chanzo kingekuwa moyo kuzidiwa, au mwili kukaukiwa maji kama wengine wanavyodai, wangetawanyika njiani, huyu kilomita ya 30, yule ya 45. Haiingii akilini kwamba ukame wa mwili unasubiri hadi mtu avalishwe medali. Kilichobadilika pale mstarini ni kimoja tu: miguu imesimama.

Na miguu ndiyo jibu lenyewe.

Moyo wa mtu aliyetulia husukuma damu lita 5 hivi kwa dakika. Akikimbia, hufika lita 15, 20 au zaidi, na sehemu kubwa ya damu hiyo hushuka kwenye misuli ya mapaja na vigimbi, ambako mishipa imefunguka kwa wingi kama milango ya msikiti saa ya Ijumaa. Kushuka si kazi. Kazi ni kupanda kurudi juu, mita moja na zaidi, kupitia vena, mishipa ya kurudisha damu moyoni, ambazo kuta zake ni laini na hazina nguvu ya kusukuma kitu. Ndani ya vena hizo kuna vali, vilango vidogo vinavyofunguka kuelekea moyoni tu. Msuli wa kigimbi ukikaza, unaibana vena na damu inaruka juu kupita kilango. Ukilegea, kilango kinafunga na damu haiwezi kurudi. Hatua inayofuata, inaruka tena.

Vilango hivi unaweza kuviona kwa macho yako. Ninginiza mkono hadi mishipa ya mgongo wa kiganja na ya chini ya kiwiko itune. Chagua mmoja ulionyooka, ubonyeze kwa kidole upande wa vidoleni, kisha kwa kidole kingine isukume damu kuelekea kiwikoni hadi upite kijivimbe kidogo kwenye mshipa. Ondoa hicho kidole cha juu. Mshipa unabaki umenywea, kwa sababu damu iliyo juu imezuiwa na kilango. Achilia kidole cha chini, unajaa papo hapo. Daktari Mwingereza William Harvey alitumia jaribio la namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1628 kuthibitisha kwamba damu inazunguka. Miaka karibu 400 baadaye bado linanishangaza kila ninapolifanya mezani.

Sasa fikiria bomba la mkono la kisimani. Maji yanatoka mradi kuna mtoto anayeupandisha na kuushusha mpini. Mpini ni vigimbi vyako. Moyo wenyewe ni mama aliyekaa juu na kata, akichota kwenye mtungi unaojazwa na bomba lile na kuwagawia wote, ubongo ukiwa wa kwanza kwenye foleni. Mtoto akiacha mpini ghafla, mkono wa mama bado una nguvu zake zote, lakini kata inagonga mtungi mkavu. Ukimtazama kwa mbali utasema mama amechoka. Kumbe hana cha kuchota. Ndicho kilichotokea kwa baba mdogo alipokuwa akipigwa picha: damu ilibaki imejikusanya miguuni, moyo ukarudishiwa kidogo, ukatoa kidogo, na ubongo ulio juu kabisa ukawa wa kwanza kukosa. Askari wanaozimia kwenye gwaride kwa kusimama muda mrefu bila kutikisika wanapatwa na jambo hilohilo, ila wao hawakutangulia kukimbia.

Ndiyo maana kiti kile cha plastiki kilikuwa kibaya. Tulimweka kichwa juu na miguu chini, tukamzuia asilale ilhali kuanguka kwenyewe kulikuwa kunampeleka kwenye mkao uliomfaa. Mtu akilala, damu haina tena mlima wa kupanda. Visigino vikiinuliwa, inateremka yenyewe kwenda moyoni.

Kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo au presha, hesabu hii ni ngumu zaidi. Kijana akisimama ghafla, vipima-shinikizo vilivyo kwenye mishipa mikubwa ya shingo na kifua hugundua upungufu mara moja, moyo unaongeza kasi na mishipa inabana. Umri unaifanya mishipa hiyo iwe migumu, na majibu yake yanachelewa. Atenololi, bisoprololi na ndugu zake huzuia moyo kuongeza kasi. Amlodipini huilegeza mishipa isibane. Dawa za kukojoza hupunguza kiasi cha damu yenyewe. Kila moja ya dawa hizi inafanya kazi nzuri mwaka mzima, na hakuna hata moja ya kuachwa asubuhi ya mbio kwa uamuzi wako mwenyewe. Ila kwenye dakika chache za kwanza baada ya mstari, zote zinavuta upande mmoja.

Kuna jambo jingine la dakika hizo. Mwaka 1984 madaktari wa Marekani waliwapima wanaume wenye afya waliofanya mazoezi makali kisha wakasimama bila kutembea. Noradrenalini, homoni ya kuuhimiza moyo, haikuanza kushuka walipoacha; iliendelea kupanda. Waliopimwa walikuwa wachache na hawakuwa wagonjwa, kwa hiyo nisingejenga nyumba nzima juu ya matokeo hayo. Hata hivyo, mwenye mishipa ya moyo iliyoziba kiasi hahitaji mchanganyiko wa presha iliyoshuka na homoni iliyopanda.

Hapa ni lazima niweke mpaka, maana makala hii ikisomwa vibaya inaweza kumgharimu mtu uhai. Uchunguzi ule wa 1994 haukuwa wa wazee wenye magonjwa ya moyo peke yao. Na moyo kusimama kweli hutokea mbioni. Utafiti wa Marekani uliohusu washiriki milioni 10.9 wa marathoni na nusu marathoni kati ya 2000 na 2010 ulikuta watu 59 ambao mioyo yao ilisimama, na 42 kati yao walifariki. Ni nadra, lakini mara nyingi ilitokea robo ya mwisho ya mbio, karibu na pale tunaposimama na kofia na chupa zetu. Aliyeanguka asipoitika na asipopumua kawaida, hakuna cha kreti wala miguu: ni kukandamiza kifua saa hiyohiyo, kwa nguvu na kwa haraka, na kuagiza mashine ya kushtua moyo. Anayezimia akiwa bado anakimbia naye si wa kuambiwa apumzike aendelee. Kuzirai katikati ya juhudi kunaweza kuwa dalili ya vali ya moyo iliyobana, msuli wa moyo ulionenepa au mapigo yaliyovurugika, na anatakiwa apimwe kabla ya kuvaa raba tena. Maumivu ya kifua ni hospitali, hata kama amesimama na anaongea.

Maji pia yasimiminwe kwa pupa. Katika Boston Marathon ya 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu na asilimia 13 walikutwa na chumvi iliyoshuka kupita kiasi, hasa waliokunywa hadi uzito ukaongezeka. Ile chupa niliyokuwa nikimsogezea mtu asiye na fahamu sawasawa, licha ya kwamba ingeweza kumpalia, haikuwa na uhusiano na tatizo lake.

Dawa ya kuzuia haina gharama: kutembea. Dakika 10 hivi baada ya mstari, taratibu, mpini wa bomba ukiendelea kupanda na kushuka wakati mishipa ya miguuni inajifunga yenyewe polepole. Taabu ni kwamba maeneo mengi ya kumalizia yamepangwa kana kwamba wamekusudia kinyume chake. Mtu anavuka, anakuta foleni ya medali, foleni ya maji, foleni ya picha, na ukuta wa ndugu wenye simu. Waandaaji wangeacha njia ya mita 200 wazi mbele ya mstari na kuiweka meza ya medali mwisho wake.

Mwaka jana baba mdogo alirudi kukimbia, daktari akiwa ameshamwona upya na kumpangia kasi. Alipovuka alikuta foleni ileile. Nilimwona kwa mbali, ameshika uzio kwa mkono mmoja, visigino vinapanda na kushuka, vinapanda na kushuka, hadi zamu yake ya medali ikafika.