Je, wajua kwa nini mwili hupasuliwa hata kama kila mtu anasema anajua kilichomuua marehemu?

Ukifika City Mochari asubuhi, siku hizi inaitwa Nairobi Funeral Home lakini wengi wetu bado tunaijua kwa jina la zamani, utapata familia zimesimama nje zinangoja, na swali huwa karibu ni lile lile: mtu wetu alianguka kwa ngazi, majirani waliona, sasa mnampasua wa nini? Ni swali la uchungu na linastahili jibu.

Kuona mtu akianguka si kujua kilichomuua. Inawezekana mshipa ulipasuka kwa ubongo kwanza ndio akaanguka, ama moyo ulisimama, ama alisukumwa, na ukiangalia kwa nje tu, vifo hivyo vinafanana. Dokta wa postmotam, yani huo upasuaji wa maiti, anatafuta vitu viwili: kitu kilichoua, na kifo kilikujaje, yani ni ugonjwa, ajali, kujiua, kuuawa ama haijulikani.

Mnakumbuka Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu na bloga, akafia mikononi mwa polisi pale kituo cha Central hapa Nairobi, na maelezo ya kwanza ya polisi yakawa ati alijigonga kichwa ukutani ndani ya seli. Mwili ukapelekwa mochari, mapathologisti, yani madokta wa postmotam, wakauchunguza, na Dkt. Bernard Midia akatoka akaeleza kwamba mtu akijigonga ukutani damu ingevujia upande wa mbele, lakini hapa majeraha yalikuwa usoni, kando ya kichwa na kisogoni, shingo ilikuwa imekabwa, na mwili ulikuwa na majeraha mengine sehemu nyingi. Hadithi ya ukuta ikaishia hapo. Bila ile postmotam tungemzika pamoja na hiyo hadithi.

Na kazi haianzi na kisu. Kwanza wanaangalia nguo, kucha, ngozi yote. Moyo ukisimama damu inashuka upande uliolala chini na kuacha madoa ya zambarau, ambayo baada ya masaa kadhaa hayahami tena, kwa hivyo mtu akikutwa amelala chali na madoa yako kifuani, kuna mtu alimgeuza. Mikato kwa viganja mara nyingi inamaanisha alikuwa anajikinga. Kuna mfupa mdogo shingoni chini ya ulimi, una umbo la U, huweza kuvunjika mtu akinyongwa na ngozi ya nje isionyeshe mengi. Alafu ndio wanafungua kifua, tumbo na kichwa, kila kiungo kinapimwa uzito na kukatwa kiangaliwe ndani, na damu, mkojo, kipande cha ini na vilivyo tumboni vinapelekwa kwa mkemia wa serikali kutafuta sumu, hapo ndio majibu hukawia. Wakimaliza wanamshona, na akishavishwa huwezi kuona alipofunguliwa.

Sasa nani anaamua mwili upasuliwe? Kwetu kifo cha ghafla ama cha kutatanisha kinaanzia kwa polisi, wao ndio huandikia dokta fomu, na kama bado kuna shaka hakimu anaweza kufungua inkwesti, yani uchunguzi wa kifo mahakamani, asikize mashahidi. Uingereza wana afisa wake kabisa anaitwa korona, si ile ya ugonjwa ingawa maneno yote mawili yametoka kwa neno la Kilatini la taji, na hiyo kazi iko huko tangu 1194. Sisi bunge lilipitisha sheria ya kuunda huduma kama hiyo 2017, lakini kwa miaka mingi ikabaki kwa karatasi, na mimi hilo linaniuma, juu polisi akituhumiwa yeye mwenyewe anayeanzisha uchunguzi ni polisi mwenzake. IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia polisi, iko, na vifo vya mikononi mwa polisi lazima iarifiwe, lakini ofisi inayojitegemea ya vifo vyote vya shaka ni kitu kingine.

Familia nayo ina nafasi yake. Mnaweza kuomba dokta wenu awe ndani wakati wa postmotam, aone na aandike yake. Na kama mna shaka yoyote, waambieni watu wa mochari mapema wasiupige mwili dawa ya kuhifadhi kwanza, wauweke tu kwa friji, maana fomalini ikishaingia kwa mishipa inavuruga vipimo vya sumu na kuna sumu ambazo hazitaonekana tena.