"Nipe kanga ya asili": dhana zinazochosha na ukweli wake

"Nipe kanga ya asili, isiyo na mkono wa mgeni." Kila msimu wa harusi hapa Bagamoyo ombi hili halikosi, na anayelitoa huwa ameshaamini kuwa utandawazi ulikuja na simu na sasa unatumaliza Waswahili.

Dhana: Kanga ilikuwapo tangu enzi na enzi, wageni ndio walioiharibu.

Ukweli: Bila wageni kusingekuwa na kanga. Neno leso, ambalo Mombasa ndilo jina la vazi lenyewe hadi leo, ni la Kireno. Vilikuwa vitambaa vya mkononi. Karne ya 19 wanawake wa mwambao walivinunua kabla havijakatwa, wakachukua sita, wakashona vitatu juu na vitatu chini. Viwanda vya ng'ambo vikanusa soko, vikaanza kuchapa nguo nzima. Kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kilikuja 1968 tu, nacho kwa msaada wa China. Kanga ya bibi yako unayoiita ya asili huenda ilipanda meli kabla hajaivaa.

Kabla ya hapo ilikuwa merikani, kitambaa cha pamba cha Marekani, na jina lenyewe linasema ilikotoka. Marobota yake yalibebwa na misafara kutoka hapa Bagamoyo kwenda bara yakiwa ndiyo fedha ya njiani. Mtumwa alivaa merikani, au kaniki yenye rangi ya nili. Utumwa ulipopigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, wanawake walioachwa huru waliiacha kaniki wakajifunga kanga, maana kaniki ilimtangaza mvaaji kuwa mtumwa wa watu. Kitambaa cha ng'ambo ndicho kilichomtoa mtu kwenye utumwa wa macho ya watu kikamwingiza kwenye Uswahili. Wanaohubiri usafi wa asili wanieleze hilo, nasubiri.

Kilicho chetu ni tulichokifanya: pindo la kuzunguka kando, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Jina liliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kirumi. Asiyejua huchagua rangi. Mjuzi husoma jina kwanza. Ukinunua sare ya harusi, fungua doti, yaani jozi ya kanga, na usome, tena usome kwa sauti. Kijembe kilichomfikia mama mkwe hakifutiki kwa kusema ulipenda maua.

Dhana: Kitenge ni cha Kiafrika zaidi kuliko kanga.

Ukweli: Ni batiki ya Java iliyoigwa na viwanda vya Uholanzi. Tumekifanya chetu, sawa, lakini hakina mji wala jina, kwa hiyo usikiagize mahali pa kanga.

Dhana: Mwenyeji halisi wa Bagamoyo ni wa damu moja.

Ukweli: Washomvi, Wazaramo, Wakwere, Wadoe, Wanyamwezi waliokuja na mizigo, Wamanga, Wahindi, Wabaluchi. Chagua.

Dhana: Kanga inayochuja ni feki.

Ukweli: Kanga mpya nyingi huchuja kidogo na huwa na wanga. Kata doti katikati, kunja ncha mbili za kila kipande uzipige cherehani, kisha loweka kwenye maji baridi yenye chumvi, kila rangi kwenye beseni lake. Aliyeichovya kwenye maji ya moto pamoja na kanzu nyeupe ya mumewe asirudi dukani.