Kujaribu programu kazini: yanayosemwa na yalivyo

"Ni kubonyezabonyeza tu."
Hii ndiyo dhana inayofanya mwanagenzi akabidhiwe kazi ya majaribio siku ya kwanza bila hata maelekezo. Ukweli ni kwamba mjaribu huchagua pa kubonyeza. Chukua kisanduku cha kutuma pesa kinachokubali shilingi 100 hadi 50,000. Mbonyezaji ataandika 2,000, ataona imekwenda, ataridhika. Mjaribu ataanzia mipakani: 99, 100, 50,000 na 50,001, kwa kuwa aliyeandika msimbo (maagizo ya programu) akichanganya "zaidi ya" na "kuanzia", kosa hukaa hapo hapo. Halafu ataacha kisanduku kitupu, atazima data muamala ukiwa njiani, atagusa "Tuma" mara mbili upesi aone kama pesa zitakatwa mara mbili.

Kwetu kuna pia jaribio la jina. Msajili mteja aitwaye Ng'ang'a. Kile kialama cha juu ndicho kinachofunga maandishi katika lugha ya hifadhidata (ghala la taarifa za mfumo), na mfumo ulioandikwa ovyo hukwama papo hapo. Jaribio hili ni la bure, na nashangaa linavyosahaulika.

"Mjaribu hodari hujaribu kila kitu."
Haiwezekani. Visanduku viwili tu, kila kimoja cha tarakimu 6, vinazaa michanganyiko trilioni 1. Mwanasayansi wa kompyuta Mholanzi, Edsger Dijkstra, alishaeleza zaidi ya miaka 50 iliyopita kwamba majaribio huonyesha makosa yaliyopo, lakini hayathibitishi kuwa hakuna mengine. Meneja akiuliza "Imebaki kasoro?", mjibu umejaribu nini na nini hukugusa.

"Sehemu ile hatujaigusa, haina haja ya kujaribiwa."
Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 iliruka kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, na kulipuka kabla ya dakika moja kwisha. Ilibeba programu ya uelekezaji iliyotumika salama kwenye Ariane 4. Roketi mpya ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya kwenda upande, hivyo namba ya kasi hiyo, ya biti 64 (biti ni kipimo kidogo kabisa cha nafasi kwenye kompyuta), ikashindwa kuingia kwenye nafasi ya biti 16. Kompyuta ya akiba nayo haikuokoa kitu: ilikuwa na programu ile ile, ikaanguka kwa kosa lile lile. Msimbo haukubadilika, mazingira ndiyo yaliyobadilika.

"Majaribio yanayojiendesha yatatuondoa kazini."
Hukagua yale tu yaliyoagizwa kukagua. Mtu wa kuwaza cha kuagiza bado anahitajika.

"Nikipata cheti nimeshakuwa mjaribu."
Mtihani wa msingi wa ISTQB, bodi ya kimataifa ya vyeti vya wajaribu programu, una maswali 40 kwa dakika 60, na kufaulu ni alama 26. Anayeufanya kwa lugha isiyo yake anaruhusiwa dakika 75. Idai haki hiyo. Cheti kitakupa msamiati wa kazi, lakini kuandika ripoti ya kasoro utajifunzia mezani, pale mwandishi wa msimbo atakapokurudishia yako na neno "kwangu inafanya kazi". "Haifunguki" si ripoti. Andika hatua ulizopita kwa mpangilio, ulichotarajia, kilichotokea, aina ya simu na toleo la programu. Toleo hasa: wengi huripoti kasoro iliyokwisha kurekebishwa kwa sababu tu simu yao haijasasishwa.