Magadi kwenye ndoo ya maji: maswali kuhusu kipindupindu na alkali

Huku Igombe bibi yetu hutia magadi kwenye ndoo ya maji ya ziwa. Anasema ukali wake unaua kipindupindu. Ni kweli?

Si kweli, ila mwambieni kwa heshima, maana wazo lake lina mantiki. Sabuni, majivu na magadi vyote viko upande wa alkali, na vyote vinatoa uchafu. Shida ni kwamba bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, ameuzoea upande huo kuliko vijidudu vingi vya kuharisha. Kwenye kipimo cha pH, 7 ni katikati. Chini yake ni asidi, juu yake ni alkali. Huyu huzaliana vizuri hata kwenye 8.5. Magadi ya kiasi ambacho mtu bado anaweza kuyanywa maji hayo hayatoshi kumwua.

Ziwa lenyewe halimpi taabu. Mwani ukistawi na maji ya ghuba yakageuka kijani, mwani huo hufyonza kaboni dayoksaidi mchana kutwa, na pH ya maji ya juu inaweza kupita 9.

Anawezaje kuishi humo asidhurike?

Hapa ndipo penye utamu. Ndani ya seli yake pH inatakiwa ikae karibu na 7.5, hata nje kukiwaje. Nje kukiwa na alkali, ioni za haidrojeni (chembe zenye chaji chanya ambazo ndizo zinazoleta asidi) zinakuwa adimu, na zikipungua ndani, vimeng'enya vyake, yaani protini zinazoendesha kazi za seli, vinazorota. Kwa hiyo kwenye utando wake kuna pampu za kubadilishana. Inayojulikana zaidi inaitwa NhaA. Imechunguzwa sana kwa bakteria wa utumbo aitwaye E. coli, na huyu wa kipindupindu anayo ya ukoo uleule. Kila ikitoa sodiamu moja nje, inaingiza haidrojeni mbili, kama konda wa daladala asiyekubali kushusha abiria mmoja mpaka apakie wawili.

Nguvu ya kazi hiyo inatoka wapi? Ndani ya seli kuna umeme hasi ukilinganisha na nje. Zikiingia haidrojeni mbili zenye chaji chanya na ikatoka sodiamu moja, ndani inabaki chanya moja ya ziada, na ule umeme hasi ndio unaoivuta. Kwa E. coli pampu hii imelala pH ikiwa karibu 6.5, na kufikia 8.5 inakwenda kwa kasi yake yote. Juu ya hilo, bakteria huvunja sukari na kupata asidi, nazo zinasaidia kushusha alkali.

Basi chumvi kwake ni chakula?

Hapana. Sodiamu ikijaa ndani ni sumu, na sumu hiyo huzidi makali kadiri alkali inavyopanda. Ndiyo maana pampu moja inafanya kazi mbili: kufukuza sodiamu na kuingiza haidrojeni. Vibrio ana pia pampu nyingine inayotumia nishati ya upumuaji wake kutupa sodiamu nje moja kwa moja. Sodiamu hiyo ikirudi ndani kupitia shina la mkia wake, inauzungusha mkia, na ndiyo unaona kwenye hadubini anakimbia kama mshale. Sasa kumbuka magadi ni chumvi za sodiamu na kaboneti. Bibi anamwongezea alkali, na papo hapo anampa sodiamu ya kubadilishana.

Kuna ushahidi wowote, au ni nadharia tu?

Ingia maabara. Kinyesi cha mgonjwa hutiwa kwenye chupa ya maji ya peptoni (chakula cha kuoteshea bakteria) yaliyowekwa alkali kwa makusudi, pH karibu 8.6, kisha chupa inawekwa kwenye joto kwa saa sita hadi nane. Vijidudu vingine vinalemewa. Vibrio anaongezeka na kupanda juu kwenye hewa. Mtaalamu huchota pale juu, si chini, akapaka kwenye sahani yenye chakula cha kijani cha kuoteshea vijidudu, ambacho nacho ni cha alkali. Kesho yake vinaonekana vidoa vya njano, bapa, vinavyong'aa. Kwa ufupi, alkali ndiyo chambo tunachomvulia.

Kinachomwua ni nini?

Asidi. Tumbo lenye asidi ya kutosha huua wengi kabla hawajafika utumboni. Katika majaribio ya watu waliojitolea Marekani, waliopewa kwanza sodiamu bikaboneti waliugua kwa vijidudu milioni moja tu. Bila hiyo ilihitajika idadi kubwa kupita hapo mara nyingi sana. Anayemeza dawa za kupunguza asidi kwa ajili ya vidonda vya tumbo awe mwangalifu zaidi wakati wa mlipuko. Limau kwenye kachumbari linasaidia, ila limau moja kwenye ndoo ni kujifariji.

Na chokaa chooni?

Hiyo ni tofauti. Chokaa ya kutosha hupandisha pH kupita 12, na huko hakuna pampu inayomwokoa.

Tunatumia dawa ya klorini. Tukiongeza na magadi, si nguvu inazidi?

Inapungua, na hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Klorini ndani ya maji hugawanyika sehemu mbili. Ile inayoua haraka huwa nyingi maji yakiwa karibu na 7 au chini, na hupungua sana pH inapopanda. Mtu ameweka dawa, ameongeza magadi, anakunywa akijua yuko salama. Msichanganye kabisa. Maji ya kijani au ya tope yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kisha weka klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na usubiri nusu saa. Au chemsha mpaka yatokote, uyafunike yapoe kwenye chombo kilekile. Na mtu akianza kuharisha maji kama ya mchele, mpeni maji ya ORS (chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini), pakiti moja kwa lita moja, mkiwa njiani kwenda zahanati.