Hatukeshi: jibu kwa wanaowaonea mabinti huruma kwenye astronomia

Kila siku ya taaluma shuleni na kila kikao cha wazazi hakikosi mtu wa kuuliza, kwa upole kabisa: "Sasa mwanangu, kazi hii ya kukesha na darubini, ukiolewa itakuwaje?" Wiki hii swali limerudi tena, na safari hii muulizaji ana shahada ya fizikia. Basi nijibu kwa maandishi, nipate kiungo cha kutuma.

Hatukeshi. Mwanaastronomia wa leo anaandika ombi la muda wa darubini. Likipita, anaandaa maelekezo: shabaha na viwianishi vyake, vichujio, sekunde za kila picha, mwanga wa mwezi anaoweza kuuvumilia. Anayapakia kwenye mfumo, anazima kompyuta, anakwenda kulala. Paranal, Chile, ESO (shirika la Ulaya la darubini) inayakata maelekezo hayo vipande vya takriban saa moja, na wafanyakazi wa kule wanaviendesha hali ya hewa ikikubali. SALT, darubini kubwa iliyoko Sutherland, Afrika Kusini, inafanya kazi kwa foleni vilevile. MeerKAT, darubini ya redio ya hukohuko Afrika Kusini yenye madishi 64, inasikiliza redio hata jua likiwa utosini, na data zake ni nzito mno kwa laptopu, kwa hiyo unaingia kwenye seva kwa mbali na kuchakata hukohuko. Hubble na JWST, darubini zilizoko angani, ndiyo kabisa, hakuna anayekwenda. Data zake zinaingia kwenye MAST, hifadhi ya data ya mtandaoni, na muda wa mwenye ombi ukiisha, usiozidi mwaka mmoja kwa kawaida, zinafunguliwa kwa yeyote, awe Dodoma au Baltimore, Marekani, zinakoendeshwa.

Wako wanaokesha, sikatai: waendeshaji wa darubini, wanaojaribu vifaa vipya, wenye darubini ndogo za vyuo. Wanakwenda kwa zamu, na wanawake wamo. Wauguzi wanakesha kila siku na sijasikia kikao kikiitishwa kwa ajili yao.

Hata zamani usiku ulikuwa kisingizio tu. Mwanaastronomia wa Marekani Henrietta Leavitt alichapisha mwaka 1912 uhusiano kati ya mng'ao wa nyota badilifu (zinazong'aa na kufifia kwa zamu) na kipindi cha mabadiliko hayo, ambao ndio tunaopimia umbali wa galaksi hadi leo, kutokana na sahani za kioo za picha zilizopigwa Peru, yeye akizikagua mezani Harvard. Kwenye kituo cha Palomar, Marekani, nako, mwanamke hakuruhusiwa rasmi kuomba muda kwa jina lake mpaka mwanaastronomia Vera Rubin mwaka 1965. Sababu iliyokuwa ikitolewa ni choo. Kilikuwa kimoja, na cha wanaume.

Sasa tuje kwenye kinachowatoa kweli mabinti kwenye fani hii. Ni makaratasi: ombi la muda, barua za mapendekezo na mikataba ya miaka miwili miwili.

Hapa kuna kauli inayonichosha kuliko ile ya kukesha: "Darubini haijui jinsia." Darubini kweli haijui. Kamati ya kugawa muda inajua. Taasisi inayoendesha Hubble ilichambua mizunguko yake 11 ya maombi mfululizo, wa 11 hadi wa 21, ikakuta kwamba katika kila mmoja maombi yaliyoongozwa na wanaume yalifaulu kwa kiwango kikubwa kuliko ya wanawake. Tofauti ya mzunguko mmoja ni ndogo, unaweza kuiita bahati. Mizunguko 11 ikielemea upande uleule, neno bahati halitoshi.

Mwaka 2018, mzunguko wa 26, majina yakafichwa pande zote mbili: mhakiki hamjui mwombaji, wala mwombaji hamjui mhakiki. Kwenye kila paneli aliwekwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa moja, kukatisha mjadala unapogeuka kuwa wa watu ("hili lazima ni kundi la fulani"). Maelezo kuhusu uzoefu wa timu yanafunguliwa baada ya alama kufungwa, na hapo paneli inaweza kulikataa ombi kwa sababu nzito, lakini haiwezi kulipandisha wala kulishusha. Matokeo: wanawake walipata 12 kati ya 138, yaani asilimia 8.7, na wanaume 28 kati ya 351, asilimia 8.0.

Basi watu wakashangilia kwamba tatizo limekwisha. Jamani, chukueni kikokotoo. Ondoa ombi moja tu la mwanamke, yabaki 11 kati ya 138: asilimia 8.0. Sherehe nzima imesimama juu ya ombi moja! Mimi naunga mkono kuficha majina, na nimefurahi ESO na ALMA (madishi ya redio ya Chile) zilipofuata mwaka 2021, lakini simwambii mwanafunzi kwamba namba hiyo inathibitisha kitu. Kinachonishawishi zaidi ni kwamba waliokuwa wakiongoza ombi kwa mara ya kwanza walianza kupita kwa wingi zaidi. Hilo linamgusa moja kwa moja binti wa Nairobi au Kampala ambaye msimamizi wake hana jina kubwa.

Ila kuficha majina kuna ufundi wake, na hapa ndipo mtandao wa wanawake unapotakiwa kufanya kazi badala ya kupiga picha za pamoja. Usiandike "kama tulivyoonyesha katika kazi yetu ya awali". Andika "kazi iliyotangulia [7] inaonyesha", na marejeo yawe kwa namba. Data zako ambazo hazijachapishwa ziite "zilizopatikana kwa mawasiliano binafsi". Futa shukrani na namba ya ufadhili. Kisha fungua sifa za faili la PDF, maana programu nyingi hujaza jina la mwandishi kimyakimya, na jina la faili lenyewe lisiwe na lako. Ombi likiwa tayari, mpe mwenzio asiyefanya mada yako kabisa, wiki mbili kabla. Akishindwa kukuambia swali la kisayansi baada ya ukurasa wa kwanza, andika upya ukurasa wa kwanza. Kosa ninaloliona zaidi ni nusu ya ombi kuwa historia ya mada, halafu hesabu ya muda unaohitajika ikabanwa kwenye aya mbili za mwisho. Kamati inaanza kusoma pale.

Na angalia saa. Mlango wa ESO unafungwa saa sita adhuhuri ya Ujerumani, ambayo wakati wao wa kiangazi ni saa saba mchana kwetu. Wa Hubble hufungwa saa mbili usiku ya Baltimore, nasi tunakuwa saa tisa usiku. Mkesha wenyewe ndio huo, na ukipakia siku moja kabla haupo.

Barua za mapendekezo sitazizungumza sana, maana wanaoziandika hawasomi blogu. "Ni binti mwenye bidii, mnyenyekevu, anashirikiana vizuri." Hiyo ni barua ya kumwombea mtu nafasi ya kuwa kiranja. Inayofaa inasema alifanya nini: aligundua kosa kwenye utoaji wa usuli (mwanga usiotakiwa kwenye picha), aliandika programu upya, makala ya pili ni yake kuanzia wazo hadi mchoro wa mwisho. Mpe mwandishi wako ukurasa mmoja wenye mambo matatu ya aina hiyo, na umpe mapema. Nafasi nyingi za utafiti baada ya uzamivu hufungwa kati ya Oktoba na Desemba, na tarehe 15 Februari ndiyo desturi ya kujibu ndiyo au hapana. Ukianza kuomba barua Novemba, umechelewa.

Kuhusu ndoa na watoto, swali lina mahali pake, ila si penye darubini. Ni penye mikataba ya miaka miwili au mitatu, nchi hii halafu ile, katika miaka hasa ambayo wengi wanazaa. Hapo taarifa kavu ina faida kuliko hotuba ya kutia moyo. Mfano: Baraza la Utafiti la Ulaya huwaongezea akina mama miezi 18 kwa kila mtoto wanapohesabiwa miaka tangu uzamivu. Usipoambiwa utajitoa mwenyewe ukidhani umri wa kuomba umepita.

Kwa Afrika upo AfNWA, mtandao wa wanawake katika astronomia, ulioanzishwa mwaka 2020 chini ya Jumuiya ya Astronomia ya Afrika. Jiunge. Lakini ulezi wa kila siku lazima mjipangie wenyewe, na huwa unafia palepale: kila msichana anapelekwa kwa profesa mmoja wa kike, naye ana madarasa matatu na kamati tano. Mkutano wa kwanza unapendeza, wa tatu unaahirishwa, wa nne haupo. Afadhali kundi la watu wanne au watano wa hatua moja, na mkubwa mmoja, hata akiwa mwanamume, asiwe msimamizi wa yeyote kati yao. Dakika 45 kwa mwezi, kamera zimezimwa kuokoa bando. Kila mmoja alete karatasi moja ya kukosolewa, si habari za maendeleo. Wekeni mwisho wa mwaka mmoja, ili anayetaka kutoka atoke bila aibu. Na mlezi aulizwe wazi: jina la huyu umelitaja wapi mwezi huu? Ushauri anaupata popote. Kutajwa kwenye chumba cha kuchagua wasemaji au waandishi wenza, hakupati bila wewe mlezi.

Kama makundi haya yanawabakiza watu kazini, siwezi kuapa. Wanaojiunga ni walewale ambao wangeng'ang'ania hata hivyo, na hakuna anayegawa wanafunzi kwa kura ili kulinganisha. Pia sikubali kumhesabu aliyehamia benki kuchambua data kuwa hasara, ingawa ripoti za wafadhili zinamhesabu hivyo. Ninachoweza kukagua ni ombi lililosomwa na watu wawili kabla ya kupakiwa, na barua tatu zilizofika kabla mfumo haujafungwa.