Umbali wa anga na muda wa kuruka: Mwanza hadi Bukoba

Umbali wa anga ni urefu wa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia kati ya viwanja viwili. Haujali mlima, ziwa wala kona za barabara. Kati ya Mwanza na Bukoba tofauti inaonekana wazi, maana Ziwa Victoria limekaa katikati. Mwenye gari inabidi alizunguke kwa kusini, avuke mkono wa ziwa pale Kigongo–Busisi, apite Geita, Biharamulo na Muleba, zaidi ya kilomita 400. Kwa anga ni kilomita 174 hivi, yaani maili 94 za baharini, kipimo wanachotumia marubani.

Hesabu yenyewe unaweza kuifanya kwenye karatasi. Uwanja wa Mwanza uko nyuzi 2.44 kusini na 32.93 mashariki, wa Bukoba, 1.33 kusini na 31.82 mashariki. Tofauti ni nyuzi 1.11 kila upande, na huku karibu na ikweta uzi mmoja ni kama kilomita 111. Kwa hiyo unapanda kaskazini kilomita 123, unakwenda magharibi 123, kisha kanuni ya Pythagoras inamaliza kazi. Kwa safari ndefu, kama Dar es Salaam hadi London, njia hii haifai. Mviringo wa dunia lazima uingie kwenye hesabu.

Muda ndio unaowachanganya watu. ATR 72, ndege ya abiria ya pangaboi, ikishakolea mwendo hukimbia karibu kilomita 500 kwa saa, kwa hiyo 174 zingeisha ndani ya dakika 21. Lakini kwenye safari fupi hivi ndege haipati nafasi ya kukolea: sehemu kubwa ya njia inapanda, na mara inaanza kushuka. Tena hainyooki moja kwa moja, kwani hupaa kufuata uelekeo wa njia ya kurukia na upepo, ndipo igeuke. Na muda wa kwenye tiketi hauhesabiwi angani peke yake. Huanza ndege inapoondoka ilipoegeshwa hadi inapoegeshwa tena. Ukiona dakika 45 kwenye ratiba, hakuna aliyekudanganya.

Vikokotoo vingi vya mtandaoni huchukua mwendo wa ndege kubwa, kilomita 800 kwa saa, kisha huongeza nusu saa. Kwa safari hii hutoa dakika 43. Jibu zuri, ila limepatikana kwa bahati, maana ndege za ukubwa huo si za uwanja wa Bukoba.

Kikokotoo pia hakiulizi kama kuna ndege. Kiulize Bukoba na Musoma, kitakujibu kilomita 221 juu ya maji. Ukilazimika kupitia Mwanza zinakuwa 316 hivi, na muda wa kusubiri ndege ya pili hakiuhesabu.