Anayefuga kibibi hufuga utitiri kwanza

Kiangazi kikishika kati ya Desemba na Februari, nyanya na biringanya za Wakiso, Mukono na kwingineko kusini mwa Uganda huanza kupauka. Majani yanapata vidoa vyeupe, yanageuka rangi ya shaba, yanafungwa utando mwembamba upande wa chini, kisha yanapukutika. Huo ni utitiri mwekundu, vijidudu vidogo mno vinavyoishi chini ya majani. Siku hizi mkulima akilalamika hakosi mtu wa kumwambia: "Achana na dawa, tafuta wadudu kibibi." Ushauri huo una ukweli wake, ila umebebeshwa maneno mengi yasiyo kweli.

"Kibibi yeyote anakula utitiri"

Hapana, na hapa ndipo watu hupoteza muda wao mwingi. Kibibi anayejulikana na kila mtoto, mwekundu au wa njano mwenye madoa meusi, chakula chake kikuu ni vidukari. Mwachilie kwenye nyanya zenye utitiri na atauonja, lakini akikosa vidukari ataruka aende zake. Anayeishi kwa utitiri ni wa jenasi ya Stethorus. Huyo ni mweusi, hana doa hata moja, na urefu wake ni milimita 1 hadi 1.5 tu. Akitulia juu ya jani utadhani ni mbegu ya mchicha. Wengi wanaye shambani na hawajui.

Udogo wake usikudanganye. Katika mashamba ya matufaha ya Pennsylvania, Marekani, ambako spishi iitwayo Stethorus punctum ilichunguzwa kwa miaka mingi, aliyekomaa alionekana kula utitiri 75 hadi 100 kwa siku. Tena ana kipaji cha kutafuta: anaruka, anapata lile tawi moja lililovamiwa, anataga hapo hapo.

Kuna na upande wa pili. Mama mmoja anaweza kukuapia kwamba kibibi walimmalizia maboga, na hasemi uongo. Lipo kundi la kibibi walao majani, wakubwa kiasi, rangi ya kahawia au machungwa iliyofifia, madoa mengi, mgongo usiong'aa. Lava wao, yaani watoto wao, ni wa njano wenye miiba, na jani waliloligusa hubaki wavu. Hao ni wadudu waharibifu, na kuwahurumia kwa sababu ya jina la ukoo ni kujidanganya.

"Madoa yake yanahesabu umri"

Hayahesabu. Madoa hutegemea spishi; kibibi hazeeki kwa kuongeza doa.

"Utitiri ni mdudu kama wengine, dawa yenye nguvu itaumaliza"

Utitiri una miguu minane. Ni jamaa wa buibui na kupe. Dawa nyingi za wadudu zinazouzwa kwa bei nafuu, hasa zenye saipametrini, huwaua kibibi na maadui wengine wa asili upesi kuliko zinavyouua utitiri. Mkulima ananyunyiza Jumatatu, wiki ya pili utitiri umerudi mwingi kuliko mwanzo, anaongeza kipimo. Joto likifika nyuzi 30, yai hugeuka utitiri mzima kwa takriban wiki moja. Kwenye nyuzi 20 huchukua zaidi ya wiki mbili. Jike asiyepandwa hutaga mayai ya madume, kisha anaweza kupandwa na wanawe, kwa hiyo hata mmoja aliyeng'ang'ania mkono wa shati lako anaweza kuanzisha ukoo mpya. Spishi mojawapo ya utitiri huu, Tetranychus urticae, imeripotiwa kuwa sugu kwa viambato zaidi ya 90 vya dawa. Mimi nikiona bomba la dawa limechanganywa dawa tatu kwa mkupuo, sishangai tena utitiri ukishinda.

"Kuwafuga ni rahisi: ndoo, chandarua na majani"

Kibibi wa Stethorus hali majani, na lishe ya kutengeneza haimtoshi kwa kuzaa vizuri. Anataka utitiri hai, mwingi, kila siku, na jike asipokuwa na utitiri wa kutosha hutaga mayai machache. Basi kazi ni tatu kwa pamoja: kuotesha mmea, kuotesha utitiri juu ya mmea, ndipo ufuge kibibi juu ya utitiri.

Mmea unaofaa ni maharage, kwa kuwa huota haraka na utitiri unayapenda. Panda kwenye vyungu kila wiki ili usikose majani mapya. Majani ya kwanza yakishafunguka vizuri, weka juu yake majani yenye utitiri; vijidudu vitahama vyenyewe jani la zamani linaponyauka. Baada ya wiki moja hivi, peleka vyungu hivyo kwenye vizimba vya wavu mwembamba sana walimo kibibi. Vyumba vitengwe kweli kweli. Asubuhi anzia kwenye maharage safi, kisha kwa utitiri, malizia kwa kibibi, wala usirudi nyuma siku hiyo. Anayepuuza utaratibu huu hupata utitiri kwenye maharage safi, au kibibi wanaovamia banda la utitiri na kulimaliza kabla ya wakati.

Chakula kikipungua, lava hulana. Unyevu wa kupita kiasi huleta ukungu. Hali ya hewa ya pembeni mwa Ziwa Victoria, isiyo na baridi kali wala joto la kuunguza, inawafaa, na kutoka yai hadi kukomaa huchukua kama wiki mbili hadi tatu. Gharama, hata hivyo, iko kwenye utitiri wanaoula. Ndiyo maana wauzaji wakubwa wa maadui wa asili duniani hupendelea utitiri mbuai, yaani unaokula utitiri wenzake, uitwao Phytoseiulus persimilis, ambao kuuzalisha kwa wingi ni nafuu.

"Hayo ni mambo ya mashamba ya maua na Wazungu"

Historia inakataa. Utitiri wa kijani wa muhogo, uliotoka Amerika Kusini, ulionekana Afrika kwa mara ya kwanza hapa hapa Uganda mwaka 1971, ukasambaa karibu kote kunakolimwa muhogo barani. Dawa haikuwa jibu kwa mkulima wa muhogo. Jibu lilikuwa utitiri mbuai kutoka Brazil, Typhlodromalus aripo, ulioachiliwa Benin mwaka 1993 na baadaye katika nchi nyingi za Afrika. Mchana hujificha kwenye ncha ya mche, usiku hushuka kuwinda, na mkulima halipi hata shilingi.

"Nitaagiza wachache kutoka ng'ambo"

Kuingiza kiumbe hai kunahitaji kibali cha Wizara ya Kilimo, Entebbe. Kuwapitisha mpakani Busia ndani ya kopo la siagi ni kosa, na ni hatari pia: hujui umebeba nini kingine.

Wa kwetu wanatosha kuanzia. Chukua lenzi inayokuza mara 10, pekua chini ya majani ya mihogo, mipapai na maharage ya nyuma ya nyumba ambayo hayajawahi kunyunyiziwa. Ukiona utando, angalia kama kuna weusi wadogo wanaotembea haraka, au lava wa kijivu wenye vinyweleo. Kata majani hayo jioni, yapeleke moja kwa moja kwenye kona iliyovamiwa zaidi, usiyatawanye shamba zima. Kwenye nyanya punguza matarajio: Afrika Mashariki ina utitiri wa Tetranychus evansi, ambao maadui wengi wa asili hawastawi wakiula. Maharage, biringanya na waridi hutoa nafasi nzuri zaidi, mradi bomba la saipametrini limewekwa kando wiki kadhaa kabla.